Tendi Zisigeuzwe Hesabu ya Mizani

Kuna dhana iliyokita mizizi miongoni mwa wanafunzi wengi wa huku kwetu Naro Moru, kwamba ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa pwani, na kwamba kazi ya mwanafunzi wa bara ni kuhesabu vina na mizani hadi mtihani upite. Dhana hii haina budi kupingwa.

Mnamo 1728, Mwengo wa Athumani alitunga Utendi wa Tambuka kwa ombi la mtawala wa Pate. Baadaye Sayyid Abdallah bin Nasir aliyatazama magofu ya majumba ya matajiri, akaionya nafsi yake katika Al-Inkishafi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki 1840, aliufikisha ushairi sokoni na katika malumbano ya siasa. Mnamo 1858, Mwana Kupona alimtungia bintiye wosia. Abdilatif Abdalla akaitumia arudhi hiyohiyo akiwa mfungwa wa kisiasa, na diwani yake, Sauti ya Dhiki, ikatoka 1973. Mwaka uliofuata Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, akaivunja arudhi yenyewe. Je, asiyeijua arudhi atajuaje ni nini kilichovunjwa?

Tutazame Japani. Mashairi ya Man'yōshū, yaliyokusanywa katika karne ya 8, na kisa cha Genji alichokiandika Murasaki Shikibu, mwanamke wa kasri ya mfalme, mwanzoni mwa karne ya 11, vingali vikisomwa shuleni. Lugha yake ni ngeni kwa kijana wa Tokyo kama Kiamu kilivyo kigeni kwa kijana wa Mlima Kenya. Hata hivyo, Wajapani hawakuona ugeni huo kuwa sababu ya kuzitupa.

Wala ushairi huu hauna kabila. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, ng'ambo ya mlima wetu, ni miongoni mwa washairi mashuhuri wa mashairi huru ya Kiswahili.

Walimu wenzangu, tuanze kwa kuusoma utendi kwa sauti. Tueleze msamiati wake, kisha tuwaulize wanafunzi Al-Inkishafi inamwambia nini anayejilimbikizia mali leo. Hesabu ya mizani na ije mwisho. Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mwacha asili ni mtumwa.