Ushuru na Furaha ya Raia



Juma hili tumependa tuzungumzie jambo ambalo wengi hudhani ni la wataalamu wa uchumi peke yao, ilhali anayelijua zaidi ni mama aendaye dukani kununua mafuta ya kupikia na sabuni. Jambo lenyewe ni ushuru. Na swali letu ni hili: je, serikali inapotoza kidogo ndipo raia wake wanapokuwa na furaha?

Wako wanaojibu kwa haraka kwamba ndivyo. Hutolea mfano wa nchi za Ghuba, waliko vijana wetu wengi kutafuta riziki, ambako mshahara wa mfanyakazi haukatwi kodi ya mapato. Lakini huko hazina imejazwa na mafuta ya ardhini, na hata hivyo Saudia ilianza kutoza VAT mwaka 2018, ikaipandisha kutoka asilimia 5 hadi 15 mwaka 2020. Mfano huo hautufai sisi tusio na visima.

Na tuitazame Finland. Tangu mwaka 2018 hadi 2025 imeshika nafasi ya kwanza kila mwaka katika Ripoti ya Furaha Duniani, ambayo huwataka watu wafikirie ngazi yenye vidato kutoka 0 hadi 10, kisha waseme maisha yao yamesimama kidato gani. Nchi hiyo hukusanya kodi inayozidi asilimia 40 ya pato lake lote, na VAT yake ilivuka asilimia 25 mwaka 2024. Sisi Kenya kodi yetu haifiki asilimia 20 ya pato la taifa, nasi tuko nyuma ya nafasi ya 100.

Siri haimo katika kiasi kinachotozwa. Tangu mwaka 1938 mama mjamzito maskini wa Finland hupewa na serikali sanduku lenye nguo za mtoto, matandiko na mahitaji mengine, na tangu 1949 hupewa kila mama, tajiri na fukara, kwa sharti kwamba ahudhurie kliniki kabla ya mwezi wa nne wa mimba kumalizika. Watoto wengi wamelala usingizi wao wa kwanza ndani ya sanduku hilohilo. Mwaka 1948 ukaongezwa mlo wa bure shuleni kwa kila mwanafunzi, na wakati huo nchi ilikuwa ndiyo kwanza inatoka vitani, haina utajiri wa kujivunia. Mama wa huko hahitaji kuhutubiwa juu ya faida ya kodi. Amemlaza mwanawe ndani yake. (Baridi na giza la miezi ya kaskazi yetu tuwaachie wenyewe.)

Je, sisi ni mabahili? Hasha. Jirani akifikwa na msiba, au mgonjwa akizuiliwa hospitalini kwa deni, kapu hupitishwa nalo hurudi limejaa. Hutoa hata asiyekuwa na kitu, kwa sababu anajua fedha yake inakwenda wapi na jioni ataona mgonjwa amerudi nyumbani.

Tena tumewahi kuionja furaha hiyo kama taifa. Mwaka 2003 karo ya shule za msingi ilipofutwa, watoto zaidi ya milioni moja waliokuwa wamekaa majumbani waliingia madarasani. Maoni yaliyokusanywa siku hizo yaliwataja Wakenya kuwa miongoni mwa watu wenye matumaini makubwa kabisa duniani. Wito wa kulipa ushuru ili tujitegemee haukuchekwa na mtu. Kisha mwaka 2004 zikafichuka habari za kandarasi za Anglo Leasing, na matumaini yale yakaanza kuvuja kama maji katika pakacha.

Ndiyo maana hatushangazwi na yaliyotokea Juni 2024. Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, na ingawa pendekezo hilo liliondolewa, vijana waliingia barabarani, roho zikapotea, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini. Waliolalamika hawakuulizia mkate tu; waliuliza zile za kwanza zilikwenda wapi. Mzee Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332, alikwisha kueleza kwamba dola changa hutoza viwango vidogo ikavuna kingi, na dola inayochakaa hutoza viwango vikubwa ikavuna haba, kwa kuwa watu hukata tamaa ya kuchuma.

Katiba yetu, kifungu cha 201, inataka mambo ya fedha za umma yawe wazi, wananchi washirikishwe, na mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki. Kaunti huitisha vikao vya maoni juu ya bajeti kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai, na mara nyingi wanaojaza viti ni wanaume wachache walewale. Akina mama waliorudishwa zahanati bila dawa wana la kuuliza pale: fungu la dawa liko ukurasa gani, na la mwaka jana lilinunua nini?