Acheni Kuwapangia Maharusi Siku ya Talaka



Leo nasema, na wa kununa anune. Tumezidi kuwatabiria watu talaka. Biharusi hajakaa vizuri jukwaani, meza ya nyuma washamhesabia miezi: "Hawa? Hawafiki Ramadhani." Ushahidi? Bwana harusi hakucheka kwenye picha. Mahari kidogo. Mke kasoma, mume anauza samaki. Mimi nashona nguo za harusi, na maneno haya nayasikia hata siku ya kupimisha, mwenyewe amesimama mbele ya kioo.

Wengine hupeleka majina kwa mpiga ramli ahesabu nyota. Mtume (S.A.W.) ametuonya: anayemwendea mtabiri akamuuliza jambo, hakubaliwi swala ya siku arubaini. Siku arubaini, kwa ndoa ya mwenzio!

Huko Marekani, Profesa John Gottman na wenzake walichunguza jozi 130 za maharusi na kuwafuatilia kwa miaka sita, wakachapisha matokeo mwaka 1998. Hawakutazama pete wala ukumbi. Walitazama mume na mke wanavyosemezana wakikhitilafiana. Katika kazi zake, Gottman anaitaja dharau kuwa dalili mbaya kuliko zote. Hata hivyo wataalamu wengine wakampinga, kwamba ni rahisi kupiga hesabu ukishajua nani wameachana. Sasa wewe, kwa sahani moja ya biriani, umeyaonea wapi?

Ubaya wenyewe uko hapa: aliyekwisha kusema "haifiki" hasuluhishi. Anangoja ashinde. Binti akirudi kwao analia kwa ugomvi wa siku mbili, anapokewa na "tulijua". Surat An-Nisaa, aya ya 35, inatuamrisha tukihofia mfarakano tupeleke mwamuzi wa upande wa mume na mwamuzi wa upande wa mke. Mwamuzi, si mtabiri.

Utaniambia, "Lakini mimi najua yule kijana anapiga." Basi kamwambie walii wake kabla ya nikaha, faragha, kwa ushahidi. Hiyo ni nasaha. Kunong'ona ukumbini baada ya nikaha ni fitina tu.

Nawe biharusi, usiulize nyota. Uliza anavyomsemesha mama yake akikasirika, na mahari yako ataitoa lini.

Sisi wengine tumefundishwa kuwaombea maharusi baraka. Tuombe, tule, twende zetu.