Benni Naye Aliachwa Nje: Barua ya Wazi kwa Rais wa FKF

Kwa Bw. Hussein Mohammed,
Rais, Shirikisho la Soka Kenya (FKF),
Nairobi.

Chebunyo, Novemba 2025

Bwana Rais,

Nakuandikia kutoka Chebunyo, Kaunti ya Bomet. Watu wa Nairobi wakisikia Bomet hufikiria majani chai, lakini chai iko kule juu, Konoin na kuendelea hadi Kericho. Sisi wa huku Chepalungu ni watu wa mahindi na ng'ombe, na jua tunalijua vizuri. Mpira pia tunaujua, hata kama sifa zote za huku zimekwenda kwa wakimbiaji.

Tarehe 18 mwezi huu, Senegal walipotulima 8-0 kule Antalya, Uturuki, tulikuwa steji ya bodaboda tumemzunguka kijana mmoja aliyekuwa akifuatilia mechi kwenye simu yake. Bao la tano lilipoingia, akairudisha simu mfukoni, akasema anatunza chaji. Hakuna aliyemlaumu. Sadio Mané peke yake alitikisa nyavu mara tatu, na hiyo ilikuwa mechi ya kirafiki.

Tangu siku hiyo steji imegawanyika. Wa upande wa miti wanasema kocha Benni McCarthy afutwe kazi hata kabla ya Krismasi. Wa upande wa duka wanasema mtu huyu ana mkosi tu, mpeni muda. Nimeamua kukuandikia kwa sababu naona pande zote mbili zinabishania jambo lisilo mikononi mwa kocha, yaani bahati, na lile lililo mikononi mwake, na mwenu, halizungumzwi.

Tuanze na hiyo bahati. Mwezi Agosti, kwenye CHAN, mashindano ya wanaocheza ligi za nyumbani, tuliifunga DR Congo 1-0. Tulipokutana na Angola, Marvin Nabwani akalishwa kadi nyekundu mapema, tukabaki kumi na bado tukatoka sare ya 1-1. Tukacheza na Morocco, Ryan Ogam akafunga, muda si muda Chrispine Erambo naye akatolewa, tukalinda lile bao moja hadi kipenga cha mwisho. Zambia nao tukawapiga 1-0. Kocha akawa profesa. Wiki hiyo nilisikia mtu mzima akisema Benni asimamie hata bei ya mbolea. Halafu tarehe 22 Agosti Madagascar wakatung'oa Kasarani kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1, na siku nane baadaye, uwanjani humohumo, Morocco wakawafunga Madagascar 3-2 katika fainali wakabeba kombe. Yaani aliyechukua kombe tulimfunga, na tukatolewa na aliyelikosa. Ukipenda iite bahati, ukipenda iite nuksi. Mahindi yakikauka huku hatumuulizi mkulima mvua imekwenda wapi. Tunamuuliza alipanda lini.

Hilo ndilo swali langu kwa Benni. Vijana wa CHAN walikaa kambini pamoja kwa wiki kadhaa, wakajuana mpaka nani anapenda pasi ya mguuni na nani anataka ya kukimbilia. Tarehe 5 Septemba, wanaosakata soka ughaibuni wakateremka kwenye ndege, wakachanganywa na hao, na Gambia wakatuchapa 3-1 palepale Kasarani. Siku nne baadaye tukaifunga Ushelisheli 5-0, Oktoba tukaishinda Burundi 1-0, kisha Ivory Coast wakatupiga 3-0. Kalenda ya FIFA si yake. Majina ni yake. Na kila orodha inapotoka sisi husoma waliomo, ila waliokosa hatuambiwi kwa nini wamekosa. Hapo ndipo umbea hupata nafasi: ati wakala fulani, ati kabila fulani, ati fulani alikosana na msaidizi wa kocha.

Ugonjwa huu haukuanza na Benni. Mwaka wa 2019 kocha wa wakati huo, Sébastien Migné, alimwacha Jesse Were nje ya kikosi kilichokwenda AFCON kule Misri, mtu aliyekuwa akifunga mabao Zambia na ZESCO kama anayechuma mahindi mabichi. Tulifunga mabao matatu mashindano mazima, yote dhidi ya Tanzania. Ubishi ule bado unaletwa hapa steji, na vijana waliokuwa shule ya msingi wakati huo sasa wanauendeleza kana kwamba wao ndio walioachwa.

Lakini kuna aliyeachwa kweli, Bwana Rais, na ndiye kocha wako. Mwaka wa 2010 Afrika Kusini iliandaa Kombe la Dunia. Benni, mfungaji bora katika historia ya timu yao ya taifa, mwenye mabao 31, mtu aliyebeba Ligi ya Mabingwa na Porto mwaka wa 2004 chini ya José Mourinho, hakuwemo katika orodha ya kocha Carlos Alberto Parreira. Watu walizungumza sana juu ya uzito wake. Huenda Parreira alikuwa sahihi. Mimi sikuwepo mazoezini. Ila Afrika Kusini ilitolewa hatua ya makundi, wenyeji wa kwanza kupatwa na hilo, na jina la Benni halikutoka midomoni mwa watu.

Mimi nilimwelewa Benni kwa sababu ndogo sana. Nikiwa darasa la saba, mwalimu wa michezo alichagua timu ya kwenda mashindano ya eneo. Nilikuwa nimefua jezi, nimeazima njumu za binamu, nimezijaza karatasi mbele maana zilikuwa kubwa. Asubuhi hiyo nilisimama kando ya lori, majina yakasomwa hadi la mwisho, lori likaondoka. Njumu zilibaki miguuni mwangu. Mwalimu hakuniambia neno, wala siku hiyo wala baadaye, na mpaka leo, nikiwa na watoto wangu, huwa najiuliza kilikuwa kimo ama ni ule mguu wa kushoto.

Kuhusu hasira za Benni kando ya uwanja, sina ugomvi nazo. Kocha asiyepandwa na mori timu yake ikionewa, simtaki. Ila zile kadi nyekundu mbili za CHAN, katika mechi mbili mfululizo, si ajali tu. Vijana humtazama aliye kando ya mstari, na akichemka nao huchemka. Hilo mwambieni faraghani, kwa heshima, si kupitia redio.

Na msimfukuze. Kocha Adel Amrouche tulimfukuza 2014 na ikatugharimu kesi iliyofika takriban Sh109 milioni na vitisho vya FIFA. Engin Firat naye aliondoka Desemba 2024 akidai mishahara. Tunaandaa AFCON ya 2027 pamoja na Uganda na Tanzania. Kocha mpya leo atahitaji mwaka mzima kujifunza majina.

Ninachoomba ni hiki. Orodha ijayo ikitoka, Benni aketi mbele ya wanahabari aeleze, jina kwa jina, kwa nini wale wanaotajwa sana wamekosa: jeraha, kiwango, nidhamu, mfumo, chochote. Na kabla ya hapo, mwenyewe awe amempigia simu aliyeachwa. Yeye kuliko kocha yeyote anajua simu hiyo ina maana gani.

La pili, mtume maskauti huku. Zamani njia ilikuwepo: Nicholas Kipkirui alitoka klabu ya Zoo ya Kericho akaenda Gor Mahia, akafika Harambee Stars. Mwaka wa 2021 FIFA ikaiondoa Zoo ligini kwa kupanga matokeo, na sawa, walistahili adhabu. Lakini ngazi ile ilianguka na haijasimamishwa tena. Silibwet Leons wanajitahidi, ila klabu moja haiwezi kuchunguza kaunti nzima.

Hapa Chebunyo tuna kiungo wa miaka kumi na saba ambaye sitamtaja jina, mama yake asije akanilaumu. Asubuhi hupeleka maziwa kwa baiskeli, jioni hucheza. Akija skauti asije mapema. Mechi huanza saa kumi, ng'ombe wakishaondolewa uwanjani.

Wako,
Shabiki wa Harambee Stars,
Chebunyo, Kaunti ya Bomet.