Dawa za kuacha sigara zimepimwa katika damu ya nani?
Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Kenya

Mheshimiwa Waziri,

Mwezi Julai 2024 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa matibabu kwa watu wazima wanaotaka kuacha tumbaku. Mwongozo huo unapendekeza vareniklini, bupropioni, sitisini, na nikotini yenyewe inayotolewa kwa njia kama plasta au chingamu, ili kiu ipoe bila moshi. Nikotini hiyo ya tiba imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu 2009. Vareniklini na bupropioni ziliongezwa 2021. Kwamba dawa hizi zinasaidia si jambo la kubishaniwa tena. Ninachotaka kukuuliza ni jambo ambalo ofisi yako inaweza kulitafutia jibu bila gharama kubwa: katika mwili wa Mkenya zinafanya kazi kwa kiasi gani, na nani apewe ipi?

Nauliza kwa sababu ushahidi wenyewe una anwani. Mojawapo ya majaribio makubwa kabisa ya dawa hizi, EAGLES, lililochapishwa 2016, lilikuwa na washiriki 8,144 katika nchi 16. Kutoka Afrika nzima ilikuwemo nchi moja tu, Afrika Kusini. Sisi, ambao uchunguzi wa kitaifa wa 2014 ulionyesha tuna watu wazima milioni 2.5 wanaotumia tumbaku, hatukuwemo.

Kama nikotini ingekuwa inaondoka mwilini kwa kasi ileile kwa kila binadamu, nisingekusumbua. Lakini sivyo. Mtu akivuta, sehemu kubwa ya nikotini husagwa na ini kwa kimeng'enya kiitwacho CYP2A6 na kugeuzwa kotinini. Kimeng'enya hichohicho huisaga kotinini nayo kuwa kitu kingine. Kwa hiyo ukipima uwiano wa kotinini na kitu hicho kingine katika damu, mate au mkojo, unajua ini la mtu huyo linakwenda mbio au polepole. Anayesaga haraka hupungukiwa nikotini mapema, kiu humrudia mapema, naye huwasha nyingine. Anayesaga polepole hubaki nayo kwa muda mrefu. Kasi hiyo kwa sehemu kubwa ni urithi wa wazazi.

Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Caryn Lerman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania lilichapisha jaribio la watu 1,246 waliogawanywa kwa kipimo hicho. Wenye kasi ya kawaida walifanikiwa zaidi kwa vareniklini kuliko kwa plasta. Wanaosaga polepole hawakupata faida ya ziada kutokana na vareniklini, ila madhara yake yaliwasumbua zaidi. Kwao plasta ilitosha. Kwa wizara inayonunua dawa kwa bajeti finyu, habari hii ina maana ya fedha, kwa sababu kuna wagonjwa ambao dawa yenye madhara zaidi haiwaongezei kitu.

Tatizo linaanza tunapouliza ni jeni zipi zinazoamua kasi hiyo. Sura za CYP2A6 zinazojulikana zaidi miongoni mwa Wazungu si zile zinazopatikana kwa Waafrika. Ile inayoitwa CYP2A6*17, kwa mfano, hupunguza kasi na hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Afrika. Watafiti wa Toronto walipotengeneza hesabu ya jeni ya kubashiri kasi ya mtu kwa kutumia Wazungu, iliwabidi watengeneze nyingine kwa watu wenye asili ya Afrika, maana ile ya kwanza haikuwafaa vizuri. Na hili si la sigara peke yake. Mwaka 2019 Giorgio Sirugo, Scott Williams na Sarah Tishkoff walionyesha kwamba asilimia 78 ya watu waliomo katika tafiti kubwa za kuoanisha jeni na magonjwa wana asili ya Ulaya, na asilimia 2 tu ndio wenye asili ya Afrika. Ni asilimia ndogo kwa bara ambalo jeni za watu wake zinatofautiana kuliko za bara lingine lolote.

Nitaambiwa Wamarekani Weusi wamefanyiwa majaribio. Ni kweli, tena kazi hiyo inastahili heshima. Huko Kansas City, kwa ushirikiano na vituo vya afya vya Swope, kumefanyika mfululizo wa majaribio kwa wavutaji Weusi tu. La 2022 lilihusisha watu 500: baada ya wiki 26, waliopewa vareniklini walioacha walikuwa asilimia 15.7, na waliopewa dawa bandia asilimia 6.5. Lakini wazee wa watu hao walichukuliwa hasa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati ya Magharibi, na damu ya Ulaya imeingia kwa vizazi vingi. Kumweka Mturuki pamoja na Mreno kwa kuwa wote ni "Wazungu" kungemchekesha daktari yeyote. Kumweka Mturkana, Mdigo na mkazi wa Kansas City katika safu moja iliyoandikwa "Weusi" hakumchekeshi mtu.

Wala hatuhitaji kubahatisha kama majirani wanaweza kutofautiana. Wagonjwa wa VVU wanaikumbuka efavirenzi, kidonge cha usiku kilichowaletea wengine kizunguzungu na ndoto za kutisha. Dawa hiyo husagwa na kimeng'enya CYP2B6, ambacho sura yake ya polepole imeenea sana Afrika. Collen Masimirembwa na wenzake wa Harare wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Utafiti uliochapishwa 2013 uliwalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia, ukakuta kiwango cha efavirenzi katika damu kilikuwa juu zaidi kwa Watanzania. Sisi tumekaa katikati ya nchi hizo mbili.

Sasa, CYP2B6 ndicho kimeng'enya kinachoishughulikia bupropioni. Na hapa mambo yanageuka. Kwa efavirenzi, mwenye kasi ndogo alizidiwa na dawa. Bupropioni inahitaji kugeuzwa kwanza kuwa haidroksibupropioni, ambayo hubeba sehemu kubwa ya kazi. Mwenye kimeng'enya cha polepole huipata kidogo. Katika jaribio la Kansas City kwa wavutaji Weusi wa sigara chache, waliokuwa na haidroksibupropioni nyingi zaidi katika damu ndio walioelekea zaidi kuacha. Huenda basi mgonjwa yuleyule aliyeteswa na kidonge kimoja kwa kuzidiwa akaambulia kidogo kwa kingine, na daktari wa zahanati asijue kwa nini.

Kuna tofauti nyingine isiyohusu jeni, nayo sitaipitia kwa urefu. Majaribio mengi yalichagua watu wanaovuta sigara 10 au zaidi kwa siku. Huku kwetu fegi hununuliwa moja moja kibandani, ingawa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza, na wengine hawavuti kabisa ila wananusa au kuweka ugoro mdomoni. Bibi wa ugoro hakuwahi kuwa mgonjwa wa mfano wa mtu yeyote.

Ombi langu la kwanza, Mheshimiwa, ni kwamba tusingoje. Kipimo cha jeni kisifanywe kisingizio cha kuziacha rafu za hospitali za kaunti bila plasta wala vidonge. Kampuni za tumbaku zinaijua njia hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Ronald Fisher, mwanatakwimu mkubwa wa Uingereza na mvutaji wa kiko, akiwa mshauri wao, alidai kwamba huenda jeni ndizo zinazomfanya mtu avute na ndizo hizohizo zinazompa saratani. Alikosea, na kosa lake liliwafaa waliomlipa. Mtu akija ofisini kwako na hoja ya jeni, muulize kwanza nani kamlipia nauli.

La pili ni kutumia tulicho nacho. Mradi wa AWI-Gen, chini ya mpango wa H3Africa, ulichukua damu na taarifa za afya, pamoja na za uvutaji, kwa takribani watu 2,000 wa Korogocho na Viwandani hapa Nairobi, kupitia kituo cha utafiti cha APHRC. Kwa idhini ya kamati za maadili na ya wakazi wenyewe, data hiyo inaweza kuulizwa kuhusu CYP2A6 na CYP2B6 bila kumchoma mtu sindano mpya. Watu wa Korogocho wamekwisha kutoa. Wanastahili kurudishiwa kitu kinachoonekana, hata ikiwa ni kliniki ya kuacha sigara.

La tatu: kila kliniki itakayoanza kutoa dawa hizi ichukue mate ya mgonjwa siku ya kwanza, iandike anatumia nini na kiasi gani, kisha imfuatilie miezi sita. Taasisi ya KEMRI inaweza kupima uwiano niliousema. Nairobi pekee haitoshi. Pasiwepo jibu la kitaifa bila Kilifi, Turkana, Garissa na Kisii.

Fedha zisiwe kizuizi. Sheria ya 2007 iliunda Mfuko wa Kudhibiti Tumbaku, na utafiti pamoja na huduma za kuwasaidia watu kuacha ni miongoni mwa kazi zake. Kanuni za 2014 ziliwataka watengenezaji na waagizaji kuchangia asilimia 2 ya thamani ya bidhaa zao. Kampuni ya BAT ilizipinga kanuni hizo mahakamani, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, nayo ikaitupilia mbali rufaa yake Novemba 2019. Naomba utueleze hadharani ni kiasi gani kimekusanywa tangu wakati huo, kimetumika wapi, na ni shilingi ngapi kati ya hizo utazielekeza kwenye kazi hii katika bajeti ijayo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwandishi wa masuala ya afya
Nairobi