KINYAMA CHA TITI: RANGI IKIGOMA KUSHIKA (Sehemu ya 4)

Mama zangu, tuendelee. Wengi mmeniuliza inboksi: jibu la kinyama limeandikwa "homoni hasi", ndo basi? Hasi nyingi ni za kweli, ila mimi nasema uliza kwanza.

Kipimo kile ni cha rangi. Seli za uvimbe zikiwa na vipokezi vya homoni, kingamwili ya maabara inavishika na rangi ya kahawia inatokea. Isipotokea, hasi. Sasa rangi inaweza kugoma na vipokezi vipo! Kinyama kinatakiwa kiingie kwenye fomalini ndani ya saa 1, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikichelewa, kinaharibika. Na slaidi isipochemshwa vizuri kabla ya kupakwa kingamwili, rangi inafifia.

Kinachoniudhi ni ndugu kupewa kichupa akipeleke kwa daladala, na hakuna saa iliyoandikwa. Maabara watajuaje? Kuandika saa kunahitaji bajeti gani jamani?

Mwenye homoni chanya anaweza kupewa tamoksifeni, vidonge anameza nyumbani. Hasi ya uongo inamnyima hivyo.

Muulize daktari: slaidi ya kulinganishia ilishika rangi? Na seli nzima za titi pembeni ya uvimbe wako, je? Zisiposhika kabisa, omba kirudiwe. Tatizo likiwa la kuchemsha, wanakata tena kile kilichohifadhiwa kwenye nta, wewe huguswi. Likiwa la fomalini, huenda kikahitajika kinyama kipya.