Tusiogope jeni, tuogope viazi visivyopimwa

Mapema mwaka, usiku wa Nyandarua unapokosa mawingu, sakitu huteremka na kuchoma mashamba ya viazi. Kunapokucha, majani huwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Baadaye mama wa nyumbani jijini Nairobi hupata habari hizo sokoni, anapoambiwa bei ya debe.

Majani ya viazi vyetu vya kawaida hufa baridi inapofika nyuzi 3 hivi chini ya sufuri. Lakini kuna viazi-mwitu vya Amerika Kusini, kama Solanum commersonii, vinavyostahimili baridi kali zaidi. Siri imo katika jeni. Baadhi yake, ziitwazo CBF, huamka dakika chache tu baada ya mmea kuhisi baridi, zikaziamuru jeni nyingine kuandaa sukari na protini za kulinda seli.

Hapo ndipo wengi wetu hushtuka. Utasikia mtu akitaja nyanya iliyotiwa jeni ya samaki. Ni kweli nyanya hiyo ilijaribiwa Marekani mwaka 1991, lakini haikufika sokoni kamwe.

Maoni yangu ni kwamba hofu yetu imeelekezwa pasipofaa. Mwaka 1967, wataalamu wa Marekani walitoa kiazi kiitwacho Lenape, kilichosifiwa sana kwa krispi. Hakikutoka katika maabara ya jeni. Kilizalishwa kwa njia ya zamani ya kuchanganya mbegu, na katika ukoo wake mlikuwamo kiazi-mwitu. Kufikia mwaka 1970 kiliondolewa. Kilipatikana na solanini nyingi, sumu inayoleta kutapika na maumivu ya tumbo, na ambayo haiishi kwa kuchemshwa wala kukaangwa.

Yaani kiazi-mwitu kinachoweza kutupa kinga ya baridi chaweza kutupa na sumu vilevile.

Sheria yetu ya mwaka 2009 inasimamia mimea iliyogeuzwa jeni. Hilo ni jema. Hata hivyo, tumbo halijui mbegu ilizalishwa vipi. Wakulima wapewe viazi vinavyohimili sakitu, viwe vya maabara au vya kuchanganya mbegu. Lakini kila aina mpya ipimwe solanini na matokeo yatangazwe kabla haijafika kwa muuza chipsi.

Nawe msomaji, kiazi kilichogeuka kijani au kilicho kichungu, kitupe. Wahenga walisema, kinga ni bora kuliko tiba.