Utanashati Huanzia Kwenye Beseni



Ndugu msomaji, Dominika ijayo simama mlangoni pa kanisa kabla ya Misa ya kwanza, uangalie familia zinavyoingia. Mama amevaa kitenge kilichonyooka, kilemba kimekaa sawasawa. Binti amesukwa, soksi zake nyeupe. Mdogo wake wa kiume amechomekea shati mpaka anashindwa kupumua. Nyuma yao anakuja baba, na baba amevaa jezi ya mpira, kandambili, na suruali anayoipandisha kwa mkono kwa sababu mkanda umebaki nyumbani. Hatusemi kila baba yuko hivyo. Lakini wako wengi kiasi kwamba hakuna anayeshangaa, na sisi mafrateri tunaona ni wakati wa kushangaa kidogo.

Kiswahili kina neno zuri sana kwa mwanamume wa namna nyingine: mtanashati. Ni mtu msafi, nadhifu, aliyevaa kwa mpangilio. Neno hilo halitaji suti, wala halitaji bei. Shati la mtumba lililochaguliwa kwa jicho zuri, likapelekwa kwa fundi cherehani apunguze mabega, linamtosha mtanashati kuliko suti mpya iliyomzidi mwili. Mwalimu Nyerere, ambaye Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, hakuhitaji tai ili aonekane kiongozi wa nchi. Tazama picha zake: nguo ni za kawaida kabisa, lakini zimemkaa.

Tukizungumza hivi, wapo watakaotujibu kwa methali: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Wengine watatukumbusha kwamba binadamu hutazama sura, bali Mungu hutazama moyo. Ni kweli. Ila anayeketi nyuma yetu kwenye benchi ni binadamu, na kola yetu ataitazama Misa nzima.

Sisi tunaosoma filosofia tuna wakili mkubwa katika jambo hili, naye ni Mtakatifu Thoma wa Akwino. Katika Summa Theologiae, sehemu ya pili ya pili, swali la 169, anauliza kama mavazi yanaweza kuwa na fadhila na kilema. Mtu angetegemea awakemee wanaojipamba kupita kiasi, na kweli anawakemea. Lakini anamgeukia pia mtu asiyejali kabisa, na anamchukua kwa Aristotle mfano wa yule anayeacha vazi lake liburute chini ili asipate taabu ya kuliinua. Aristotle anauhesabu huo kuwa ulegevu. (Milegezo ya vijana wa siku hizi asingehitaji kuelezwa.) Kisha Thoma, akimfuata Mtakatifu Augustino, anaongeza onyo ambalo linatuhusu sisi wa seminarini kuliko wengine: mtu anaweza kutafuta sifa hata kwa uchafu. Anavaa vibaya ili aonekane ameupa ulimwengu kisogo.

Hapo pana mtego kwa frateri. Kanuni ya 282 ya Sheria za Kanisa inawataka makleri waishi maisha ya kawaida na kuepuka majivuno, na kanuni ya 284 inawataka wavae vazi la kikanisa linalofaa. Sisi bado si makleri, lakini huko ndiko tunakoelekea, na ni rahisi kuzisoma hizo mbili vibaya: kudhani kwamba viatu visivyopakwa rangi ni ufukara wa kiinjili, na kwamba kanzu inafunika yote. Kanzu nyeupe haifunikiani na mtu. Jasho la kola na vumbi la pindo vinaonekana kutoka benchi la mwisho.

Faida za kuvaa vizuri zinasemwa mara nyingi kwa lugha ya ajira: kijana nadhifu hupokelewa vizuri kwenye usaili, mfanyabiashara nadhifu huaminiwa. Hatubishi. Lakini faida tunayoiona kubwa zaidi ni ya yule anayekupokea. Wakati wa likizo, frateri anapomsindikiza paroko kumpelekea mgonjwa Komunyo kigangoni, akute bibi ametandika shuka safi, mezani pana kitambaa na mshumaa, na yeye mwenyewe amejifunga kitenge alichokuwa anakitunza sandukuni. Bibi huyo hajasema neno, lakini nguo zake zimekwisha kusema kwamba ujio huu ni mkubwa. Frateri akiingia pale na fulana iliyofubaa, amemjibu kwamba kwake ni siku kama siku nyingine. Ndivyo ilivyo pia msibani, na kwenye jumuiya ndogo ndogo, ambako wanaume wengi hufika kana kwamba wamepita tu wakielekea dukani. Mwili si gunia ambalo roho imebebwa ndani yake. Tunaheshimu na kudharau kwa mwili, na mwili tunauvika.

Sasa tufike pale panapotuuma. Ukimwona mwanamume mtanashati kanisani, uliza nani alifua. Mara nyingi ni mkewe, mama yake, au dada aliyeamka saa kumi na moja alfajiri kupasha pasi ya mkaa wakati kaka amelala. Utanashati wa namna hiyo si wake. Ameuazima kwa jasho la mwingine, na kibaya zaidi, ndiye wa kwanza kuuliza kwa sauti kwa nini kifungo kimekatika. Seminarini kila mmoja wetu anafua, ananyoosha na kushona kifungo mwenyewe. Jambo la kushangaza ni jinsi ujuzi huo unavyopotea tukifika nyumbani likizo, ambako dada zetu wanakimbilia begi la frateri kwa heshima na frateri analiachia kwa furaha. Tunawaomba dada zetu waliache begi hilo pale lilipo. Na wale wenye watoto wa kiume wawafundishe kufua kola kabla ya kuwafundisha kufunga tai.

Limebaki la maskini. Wapo watu wanaopenda kumtaja yule aliyetolewa harusini kwa kukosa vazi, katika Mathayo 22, kila wanapotaka kumfokea mtu mlangoni. Tunawasihi wasome pia sura ya 2 ya Waraka wa Yakobo, ambapo mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri na mwenye nguo chakavu anaambiwa akae chini. Vijijini na mijini wapo wanaume wasiokuja Misa kwa sababu shati walilonalo ni moja, na hilo ndilo la kazi. Wanaona aibu, hawasemi, na sisi tunawaita wavivu wa sala.

Kwa hao, kuwahubiria utanashati ni kuwaongezea mzigo. UWAKA wa kila parokia una wanaume wenye mashati ambayo hayajavaliwa tangu Noeli ya mwaka juzi. Yakusanywe kimya kimya kupitia viongozi wa jumuiya, wanaojua nyumba za watu, bila picha na bila kutangaza majina. Na mwenye shati alifue na kulipiga pasi mwenyewe kabla ya kulitoa, akikagua vifungo vyote vipo.